Kinywa Kimejaa

Wusi, 12 Novemba 1956

Donald,

Salamu utazipata nikipoa. Mkono ni wa Peris kama siku zote, maana mimi kalamu naishika kama mwiko, lakini maneno ni yangu na nimemwambia asilainishe hata moja.

Leo mwalimu mkuu ameniita shuleni. Akanikalisha kwenye benchi, akaniuliza habari za shamba, akaniuliza afya ya nyanya yake Peris, nikajua kuna jambo. Mwishowe akasema Peris hatapewa nafasi ya darasa la tano kule shule ya bweni ya wasichana. Amepita mtihani, tena amewapita hata wavulana, lakini hatapewa. Nikauliza kosa lake nini. Akasema ni umri. Kamati imeamua kwamba nafasi ni chache, na msichana aliyepita miaka kumi na tano asichukuliwe. Basi nikacheka. Nikamwambia, mwalimu, huyu ana kumi na tatu. Akanitazama kwa huruma, ile ya kumtazama mtu aliyefiwa ambaye bado hajaambiwa. "Mama Peris," akasema, "ndugu yako mwenyewe ndiye aliyempima. Ana kumi na saba."

Ndugu yangu mwenyewe! Nilidhani ulikuja Wusi kuchanja ng'ombe. Kumbe ulipomaliza ng'ombe ukaombwa na mwalimu uwapime watoto wasio na cheti cha kuzaliwa, eti kwa sababu wewe ndiye mtaalamu wa umri na dresa wa zahanati alikuwa hayupo. Nawe ukakubali. Ukawapanga watoto wa watu kando ya uzio ule ule wa kuchanjia ng'ombe, ukawafungua midomo mmoja mmoja kwa dole gumba. Peris ananiambia dole lako lilikuwa linanuka dawa ya mifugo. Ananiambia ulimtazama, ukamgeuzia mwalimu uso, ukasema, "Kinywa kimejaa," kama vile si mtoto wa dada yako, kama vile anapelekwa mnadani.

Jioni ile ulikuja kwangu. Ulikula viazi vyangu na maziwa ya ng'ombe wangu, ukapangusa mdomo, ukalala, ukaondoka alfajiri. Hukuniambia neno. Peris naye hakuniambia kwa sababu alifikiri kila unachofanya ni sawa.

Kadi ya ubatizo haitusaidii, unajua tulibatizwa pamoja mwaka jana, mama na mwana, na kadi inataja siku ya maji tu. Kwa hiyo hakuna neno lingine juu ya umri wake ila lako. Kamati inakutana Ijumaa, tarehe kumi na nne Desemba, kufunga majina. Akikosa mwaka huu amekosa kabisa, maana mwaka ujao watasema ana kumi na nane. Andika uwaambie ulikosea. Andika leo.

Dada yako,
Tryphena Wakesho

(Mjomba, mimi Peris nakusalimu sana. Mama hajui nimeandika hii.)


Voi, Kaloleni
19 Novemba 1956

Kwa Dada Tryphena,

Barua yako amenipa Dinah wenu muuza mboga hapa stesheni, aliposhusha mboga zake za kupeleka Mombasa. Nimeisoma nimesimama. Sisi huku wazima isipokuwa mimi jino linanisumbua wiki ya pili sasa, upande mmoja wa shavu umevimba, kwa hiyo nitaandika kwa ufupi.

Dada, meno hayasemi uongo. Hii ndiyo kazi yangu na ndiyo iliyonipa sare hii. Mwenye ng'ombe ataapa mbele za Mungu kwamba fahali wake ana miaka miwili, mimi nafungua mdomo naona meno manane ya mbele yametimia, namwambia mzee, huyu ana minne na zaidi, kinywa kimejaa, amekwisha kukomaa. Sijawahi kubishwa nikashindwa.

Kwa watu hatuna kitabu, nakubali. Kwa hiyo nilitumia kinywa ninachokijua, yaani changu. Nilihesabu yangu kwenye kioo cha kunyolea, nikapata ishirini na nane, na mimi ni mtu mzima wa miaka ishirini na tisa. Nikahesabu ya Peris. Ishirini na nane. Dada, anayo sawasawa na mimi! Kwa haki ningesema ana ishirini. Nilipompa kumi na saba nilimpunguzia sana, na nilifanya hivyo kwa sababu yako.

Unataka niseme nini mbele ya wazazi wengine? Walikuwa wamesimama pale, wanajua Peris ni wa kwetu. Ningempa kumi na tatu, kesho wangesema Donald anapima wa watu kwa meno na wa kwao kwa mapenzi. Nimejenga jina langu kwa kutopendelea mtu. Na tukisahau meno, mtazame mwenyewe. Ni mrefu kukushinda, anabeba mtungi, anapika, anachunga. Kwa macho na kwa meno Peris ni mwanamke mzima. Shule amesoma, kusoma na kuandika anajua, si haba.

Mke wangu Mbula anawasalimu.

Ndugu yako,
Donald Mwakio
Msaidizi wa Bwana Mifugo


Wusi, 26 Novemba 1956

Donald,

Barua yako Peris alinisomea jikoni. Alipofika kwenye "mwanamke mzima" akaacha kusoma, nikamwambia endelea, akaendelea hadi mwisho, hadi kwenye cheo chako, kisha akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta nyuma ya nyumba anacheza mchezo wa vijiwe na Elsie wa jirani, wamechora duara mavumbini na wanagombana kuhusu nani ameiba kijiwe. Machozi yalikuwa hayajakauka usoni. Huyo ndiye mwanamke mzima wako.

Sasa nisikilize mimi ambaye sina sare.

Ng'ombe aliyekupa maziwa siku ile unamjua? Ni Nzige. Umesahau jina lake lilitoka wapi? Mwaka wa nzige, walipokula mahindi yote mpaka bua, nilijifungua Peris alfajiri, na alfajiri ile ile nyuma ya nyumba ng'ombe wa nyanya akazaa ndama. Nyanya akasema ndama huyu ni wa mtoto huyu. Wewe ulikuwa umekuja likizo kutoka kwenye shamba la katani, na ni wewe uliyemkata alama ya sikio kwa kisu chako, na alama iko mpaka leo. Nzige na Peris wana umri mmoja. Huo ni umri ambao hata wewe huwezi kuubisha, maana ni kazi yako.

Haya, tuwatazame. Siku ile waliyozaliwa, kabla jua halijapanda, ndama alikuwa amesimama ananyonya. Peris alikuwa hata shingo hawezi kuishika. Mwaka wa pili Nzige anakula majani ya kila aina na anajua lipi lina sumu, Peris ananiletea kinyesi cha kuku anauliza kama ni ugali. Mwaka wa nne kinywa cha Nzige kikajaa kama unavyosema, akawa mama. Peris alikuwa bado ananililia nimbebe mgongoni tukipanda mlima. Leo Nzige ni nyanya wa ng'ombe, ana vitukuu Mwatate, meno yamelika hadi kwenye ufizi na lazima nimkatie majani laini. Na Peris ndiyo kwanza amejifunza hesabu za kugawanya kwa tarakimu mbili!

Nimekaa nikafikiri kwa nini iwe hivyo. Wewe umesoma kitabu cha ng'ombe, niambie kama nakosea. Ndama anazaliwa anajua karibu yote atakayohitaji, kwa hiyo hana sababu ya kuchelewa. Mtoto wa mtu anazaliwa hajui chochote. Lazima aambiwe kila kitu, tena mara mia, na mtu wa kumwambia awe na subira na awe hai. Ndiyo maana utoto wake ni mrefu, na ndiyo maana watu wazima nao wamepewa kuzeeka polepole. Nyanya amevuka themanini na wiki iliyopita alikuwa anamfundisha Peris kuanza kitako cha kikapu. Nzige hakufundisha mtu chochote na tayari amechoka. Mungu angetaka binti yangu akomae haraka angempa kwato.

Wewe ukaja na dole gumba ukamkata utoto wake nusu. Miaka minne! Umeipeleka wapi? Naitaka.

Na usidhani neno lako limebaki shuleni. Jumamosi Thadeus wa kule chini alikuja na mwanawe Stephen na kibuyu cha pombe ya miwa, wamevaa vizuri. Wamesikia Peris ana kumi na saba na hataenda bweni, kwa hiyo wamekuja kuuliza. Niliwarudisha na kibuyu chao, lakini baba yake Peris aliporudi alisema, "Kama serikali yenyewe imesema kumi na saba, sisi ni nani?" Serikali! Ni wewe, Donald, mtoto uliyekuwa ukiogopa bata.

Andika kwa kamati.

Tryphena

(Mjomba, sikuiba kijiwe. Ni Elsie. Yeye naye ulimpa miaka kumi na sita na mama yake anasema ana kumi na miwili.)


Voi, Kaloleni
3 Desemba 1956

Dada Tryphena,

Ng'ombe si shahidi. Hakuna kamati duniani itakayosikiliza habari za alfajiri moja na kuku na kinyesi. Nilipima mbele ya watu, mwalimu mkuu akaandika, na mtu wa kazi yangu akianza kufuta maneno yake leo, kesho hakuna mchungaji wa ng'ombe atakayenikubali uzioni. Neno limetoka, basi limetoka.

Tena naona unamlea Peris kama yai. Mimi nilifanya kazi ya watu wazima nikiwa mdogo kuliko yeye, kwenye jua la katani, wala sikufa. Leo nina nyumba, nina sare, watu wananiita bwana. Hakuna aliyenililia kwamba bado ni mtoto. Ningejua kwamba umri ni jambo la kuombolezewa ningeomboleza wangu kwanza.

Jino ni baya sana. Siwezi kutafuna wala kulala. Usiniandikie tena kuhusu jambo hili.

Donald


Voi, Kaloleni
5 Desemba 1956

Wifi yangu Tryphena,

Mume wangu hajui kama nakuandikia, na barua hii nampa Dinah mkononi mwake, si kwa mtu mwingine. Anayekusomea mwambie afunge masikio. Mimi ni binti wa Munyao, sisi tulizaliwa hapa Voi na tulizoea kusema jambo likiwa bado moto, sijui ninyi watu wa mlimani mnawezaje kukaa nalo miaka.

Jana nilimpeleka Donald kwa dresa kwa nguvu, maana alikuwa amekataa, anasema jino limeoza litaanguka lenyewe. Dresa akamfungua mdomo, akaingiza kidole mpaka nyuma kabisa, kisha akaanza kucheka. Akasema, "Bwana Mwakio, hili halijaoza. Hili linaota." Wifi, ni gego jipya! Gego la mwisho la nyuma. Dresa akasema yapo manne ya aina hiyo na Donald hana hata moja bado, hili ndilo la kwanza linatokeza. Mimi nikauliza, mtu wa miaka ishirini na tisa anaota meno? Akasema ndiyo, hayo huja mtu akishakuwa mkubwa, wengine wanayapata wakiwa na ishirini, wengine wanachelewa hivi. Lakini hayo mengine yote ishirini na nane, akasema, mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu anakuwa nayo tayari. Ni jambo la kawaida kabisa.

Basi nikamtazama mume wangu. Aligeuka rangi. Hakusema asante, alivaa kofia akatoka, akatembea mbele yangu mpaka Kaloleni kama mtu asiyenijua.

Nilimwambia, leo hii utaandika kwa kamati. Akasema hapana. Nikamwambia wewe ni mtu mbaya. Nilisema hivyo hivyo, wifi, nilikuwa na hasira. Ndipo akakaa kitandani na sare yake, akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia tangu tuoane.

Anasema siku baba yenu alipompeleka kwenye katani alikuwa na miaka kama kumi na mmoja, lakini mrefu. Nyapara akasema watoto hawatakiwi. Baba yenu akasema huyu si mtoto. Nyapara akamshika kidevu, akamfungua mdomo kwa dole gumba, akasema, "Meno ya maziwa yamekwisha, huyu ni mtu mzima." Akapewa mzigo wa majani ya katani sawa na wanaume. Anasema jioni alisinzia chini ya kamba za kuanikia, wakamwamsha kwa teke. Nikamwuliza, na wewe ulisemaje nyapara aliposema hivyo? Akasema, "Niliamini."

Wifi, nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Baba yenu amekufa, nyapara simjui. Mume wangu walimfanya kama ndizi ya kuvundikwa, ikageuka manjano nje na ndani ikabaki ngumu. Ndiyo maana akimwona mtoto mrefu hajui anachokiona. Akikubali kwamba Peris ni mtoto, itabidi akubali na lile lingine.

Mimi nitamsukuma huku. Wewe sukuma huko. Lakini tafadhali usimwambie kwamba nimesema.

Wifi yako,
Mbula


Wusi, 8 Desemba 1956

Ndugu yangu Donald,

Hakuna mtu aliyeniambia chochote. Nataka ujue hivyo kwanza.

Ni mimi tu nimekuwa nikifikiria kuhusu ile siku ulipoondoka kwenda katani. Mimi nilikuwa msichana wa kumi na sita na nilikuwa napukuchua mahindi mlangoni. Ulikuwa unachonga pia yako ya mti wa mkwaju, ile ya kuzungusha kwa kamba. Baba akakuita. Ukainuka, ukaipachika darini, ukaniambia, "Dada, isiguswe na mtu, nikirudi jioni nitaimalizia." Ulifikiri unarudi jioni. Sisi wote tulijua hurudi jioni, na hakuna aliyekuambia.

Uliporudi ilikuwa mwaka mwingine. Ulikuja na mikono yenye makovu ya miiba ya katani, umemletea mama khanga, na hukuuliza habari za pia. Mimi nikasema moyoni, amekua. Nikafurahi! Tulikula mshahara wako, Donald, tulikula na kusifu, na mtu haulizi kitu kinachomlisha kina miaka mingapi.

Sasa hasira yangu imehama. Ilikuwa kwako, sasa imepanda juu zaidi, imemfika baba kaburini, imemfika na huyo mtu yeyote aliyekutazama mdomoni, kama yupo, mimi sijui kama yupo. Nani alimpa mtu ruhusa ya kumfungua mtoto mdomo na kumsomea maisha yake kama bei? Fahali akikomaa haraka anauzwa, ni sawa, amezaliwa hivyo. Wewe hukuzaliwa hivyo. Ulikuwa na miaka yako, na ilikuwa haki yako hata kama ulikuwa mrefu kama mlingoti.

Lakini sikiliza vizuri, maana sitaki huruma inifanye mpumbavu. Kilichofanywa kwako si sababu ya kukifanya kwa Peris. Hicho nakikataa kabisa. Hukufa, sawa. Kutokufa ndiyo kiasi tunachomtakia mtoto?

Ijumaa nitamteremsha Nzige mpaka uwanja wa shule, ingawa miguu yake ni mibovu, na nitamfunga mbele ya mlango wa kamati. Nyanya amesema atakuja naye, kwa fimbo yake. Baba yake Peris anasema nitamwaibisha. Nimemwambia ajifunike uso. Watamtazama Nzige mdomoni, kisha watamtazama binti yangu, na wataniambia ni kipimo gani cha akili kinachowapima kwa namna moja wawili hawa waliozaliwa alfajiri moja, mmoja bibi kizee na mwingine hajaanza.

Njoo, au usije. Mimi nitakuwa pale.

Dada yako anayekupenda, na bado ana hasira,
Tryphena Wakesho

Pole na jino.


Wusi, 20 Desemba 1956

Mpendwa Mjomba Donald,

Barua hii ni yangu mwenyewe, maneno na mkono. Mama anajua naandika lakini nimemwambia asisome. Amesema hata akitaka atasomaje, tukacheka.

Mjomba, ulikuja Ijumaa halafu ukaondoka bila kupita nyumbani. Mama alikuwa amekuwekea chakula. Alikifunika, akakifunua, akakifunika, mpaka usiku akampa baba. Nyanya alisema pengine uliona aibu. Mimi nilisema pengine jino lilikuuma. Kwa hiyo nakuandikia ili ujue mambo ambayo hukuyaona siku ile, maana muda mwingi ulikuwa umefumba macho.

Hukuona watu walivyocheka mama alipomfunga Nzige kwenye mlingoti wa bendera. Mwenyekiti alitoka nje akasema, "Mama, hii ni kamati ya elimu, si josho." Mama akamwambia kwamba watoto wetu walipimwa kwenye uzio wa ng'ombe, kwa hiyo ng'ombe naye anaweza kupimwa kwenye kamati. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Elsie alikuwa ananishika mkono.

Halafu wewe ukatokea barabarani umefungwa kitambaa kichwani kama mtu mwenye matumbwitumbwi. Mimi nilikuogopa. Nilifikiri umekuja kusema kumi na saba tena.

Mwenyekiti alipokuuliza kama unasimama na kipimo chako, ulifungua kitambaa na kufungua mdomo na kumwambia aingize dole lake mwenyewe. Hapo ndipo ulipofumba macho. Mwenyekiti hakutaka, lakini akaingiza. Alipogusa lile gego akaruka kidogo. Ukasema, "Kwa kipimo changu, mwezi uliopita kinywa changu kilikuwa kimejaa. Leo hakijajaa. Basi mimi ni mdogo kuliko watoto niliowapima. Kipimo ni kibovu, nakifuta kwa wote." Watu walicheka sana. Wewe ulikuwa umefumba macho, kwa hiyo hukuona kwamba mama hakucheka. Mama alikuwa analia, na mama yangu hata alipong'olewa ukucha hakulia.

Kisha ukamwendea Nzige, ukamshika sikio ukapapasa ile alama, ukamfungua mdomo taratibu, ukasema kwa sauti ya kazi, "Kumi na mitatu. Huyu naweza kuapa." Nyanya akapiga fimbo chini akasema yeye ndiye aliyewapokea wote wawili alfajiri ile, mmoja kwa mkono huu na mwingine kwa mkono huu, na mzee yeyote wa Wusi aliyekula nzige mwaka ule asimame abishe. Hakuna aliyesimama. Nafikiri walimwogopa.

Nimepewa nafasi. Nitaenda Januari. Elsie amepewa pia, na wasichana wengine wawili. Mzee Thadeus alikutana na baba njiani akasema Stephen anaweza kungoja. Mama akasema angoje mpaka meno yake mwenyewe yaote upya.

Mjomba, nataka kukuambia jambo ambalo sikumwambia mama. Uliposema kinywa kimejaa, nilianza kufikiri kwamba labda ni kweli. Nilifikiri labda nimekuwa mkubwa siku nyingi na sikujua, na kwamba nilipokuwa nacheza watu walikuwa wananicheka. Niliacha kucheza vijiwe mbele za watu. Usiku nilikuwa nahesabu meno yangu kwa ulimi nikitamani moja lipotee. Barua ya shangazi Mbula ilipokuja nilimsomea mama yote, sikufunga masikio, usimwambie. Nilipofika pale ulipomwambia, "Niliamini," nilishindwa kusoma, kwa sababu mimi pia niliamini. Halafu nikakasirika sana. Nilikukasirikia wewe, kisha nikakasirika kwa ajili yako, sijui kama inaeleweka.

Bado nimekasirika kidogo. Usinifungue mdomo tena bila kuniomba. Wala mtoto mwingine yeyote.

Mama ametoa pia yako darini. Imejaa masizi lakini haijaliwa na wadudu. Nimeifuta na kuifunga kamba mpya ya mkonge. Nilijaribu kuizungusha uwanjani lakini inaangukia upande mmoja, kwa sababu upande huo hukuumaliza kuuchonga. Nilitaka kuumalizia mwenyewe, mama akakataa. Amesema ni ya mwenyewe, na alisema atarudi jioni.

Njoo Krismasi na shangazi. Kisu cha hapa ni butu, uje na chako.

Mimi mpwa wako wa miaka kumi na mitatu,
Peris